Mshumaa Uliopinda Njiani

Boke hajui kukaa. Hata chai huinywa amesimama. Kikombe kiko mkono wa kushoto, mkono wa kulia unafukuza kuku, na macho yako kwenye migomba. Ukimletea kigoda atakushukuru vizuri, kisha ataweka ndoo ya maziwa juu yake. Watu wa kijiji chao, Nyamwaga, wamemzoea. Mume wake, Machage, naye amemzoea, ingawa siku nyingine humwambia, "Mama Steven, hata ng'ombe hulala wakacheua."

Jumamosi moja Boke alikwenda kusali na jumuiya yake. Walikutana nyumbani kwa Teresia, mwenyekiti wao. Walisali, wakasoma Injili, kisha Teresia akaleta habari ya mishumaa.

Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni ilikuwa inakaribia. Siku hiyo waumini hukusanyika nje ya kanisa. Padre hubariki mishumaa, halafu watu huingia kanisani kwa maandamano, kila mtu na mshumaa wake unaowaka. Mwaka huu ilikuwa zamu ya jumuiya yao kuleta mishumaa ya kigango kizima, yaani ya waumini wote wa kanisa lao.

"Tutanunua mjini kama kawaida," Teresia alisema.

"Kama ile ya mwaka jana?" Boke alidakia. Watu wote walikuwa wamekaa, yeye amesimama mlangoni. "Ilikuwa myembamba kama njiti. Mingi ilizimika hata hatujafika mlangoni."

"Sasa unataka tufanyeje?"

"Nitaitengeneza mimi."

Watu waligeuka kumtazama.

"Umewahi kutengeneza mshumaa?" Teresia aliuliza.

"Nitaweza."

"Sijauliza kama utaweza, Mama Steven. Nimeuliza kama umewahi."

"Nimeona kwenye simu wakitengeneza. Si kazi ngumu."

Teresia akasema, "Haya. Basi hatununui. Lakini usikie vizuri. Kigango kizima kikisimama mikono mitupu mbele ya padre, watu watajua wamuulize nani."

Boke alirudi nyumbani kwa hatua za haraka. Alikuwa amesema neno mbele ya watu, na sasa neno lile lilikuwa linatembea nyuma yake.

Ni kweli alikuwa ameona kwenye simu. Aliona wanawake wakiyeyusha kitu cheupe kwenye sufuria, wakakimimina, kikaganda, kikawa mshumaa. Lakini bando liliisha kabla hawajasema kile kitu cheupe ni nini. Wengi wetu tuko hivyo hivyo. Tunaona nusu ya jambo, nusu ya pili tunaijaza wenyewe, kisha tunatoka mbio.

Boke alijaza nusu yake kwa mafuta ya ng'ombe.

Si ajabu. Ng'ombe huwapa watu wa kule maziwa, nyama, mbolea, ngozi na mahari. Kwa nini asitoe na mshumaa? Tena mwezi wa Desemba wavulana wa ukoo walikuwa wametahiriwa, na katika kila boma ng'ombe alichinjwa. Boke alikuwa na debe la mafuta yaliyobaki. Yalikuwa meupe na yameganda, sawasawa na yale ya kwenye simu.

Aliyayeyusha siku ile ile. Alikata bomba la maji vipande vipande, akaziba chini kwa udongo. Alitumia uzi wa nailoni kuwa utambi. Akamimina. Asubuhi akaitoa mishumaa, akaipanga juu ya mkeka nje ya nyumba. Ilikuwa mizuri, minene na myeupe.

Machage aliinama akainusa.

"Inanukia supu," alisema.

"Ikiwaka haitanukia."

"Na kama ikinukia?"

"Baba Steven, niache nifanye kazi."

Boke alichukua mshumaa mmoja, akaufunga ndani ya kitenge, akaenda kumwonyesha Teresia. Hakutaka kusubiri hata jua lipungue. Njiani alikuwa akipanga maneno atakayosema. Alipofika kwa Teresia, alifungua kitenge kwa furaha.

Mshumaa ulikuwa umepinda. Kichwa kilikuwa kimeangalia chini, na kitenge kilikuwa kimelowa mafuta.

Teresia aliushika kwa vidole viwili. "Mama Steven, huu ni mshumaa au ni mkia?"

"Ni jua tu, mwenyekiti. Tuuwashe uone."

Waliuwasha. Ulitoa moshi mweusi na harufu ya nyama inayoungua. Ulitoa mlio kama wa kitu kinachokaangwa. Halafu uzi wa nailoni ukayeyuka, ukajikunja, na moto ukazimika.

Teresia hakucheka. Angecheka ingekuwa afadhali.

"Maandamano yanaanzia nje, juani," alisema polepole. "Hilo unalijua. Nitasubiri mpaka Jumapili ijayo. Kama huna mishumaa, nitanunua yoyote nitakayoipata, hata kama ni michache ya kugawana."

Boke alirudi nyumbani akakuta jambo jingine. Mbwa wao, Askari, alikuwa amelala kwenye mkeka. Tumbo lilikuwa limejaa na mdomo unang'aa kwa mafuta. Mishumaa yote haikuwepo. Nyuzi tu zilikuwa zimebaki, zimetapakaa uani.

Boke aliona aibu, akaona hasira, na zaidi ya yote aliona hofu. Usiku huo hakupata usingizi. Kulipokucha alipanda gari la kwanza la kwenda Tarime mjini.

Aliuliza duka hili, akauliza duka lile. "Mnauza kile kitu cheupe cha kutengenezea mishumaa?" Wengine walimwonyesha mishumaa iliyokwisha kutengenezwa. Wengine walimwonyesha sabuni. Mwishowe muuza kamba mmoja alimwambia, "Nenda nyuma ya soko, kwa mama anayeitwa Mwajuma. Anatengeneza sabuni na mishumaa."

Mwajuma alikuwa mama mtu mzima, amejifunga ushungi wa bluu. Alikuwa amekulia Tabora, mkoa wenye asali nyingi, akaja Tarime alipoolewa na fundi cherehani. Kibanda chake kilikuwa na masufuria, vibomba na harufu nzuri.

"Shikamoo mama," Boke alisema, hata hajaingia vizuri.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

"Sikai, mama. Nina haraka. Nataka kile kitu cheupe cha mishumaa. Niambie tu kipi ni kizuri, nichukue niende."

Mwajuma alimtazama juu mpaka chini. "Mshumaa wako utafanya kazi gani?"

"Kuwaka."

"Yote inawaka. Utawaka wapi? Ndani au nje? Utasimama mezani, utakaa ndani ya kopo, au utashikwa mkononi?"

Boke hakuwa amejiuliza hilo. Akaeleza habari yote: jumuiya, debe la mafuta, mshumaa uliopinda, na Askari. Alipofika kwa Askari, Mwajuma alicheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la ushungi.

"Una mafuta yale hapa?"

Boke alikuwa na bonge dogo la debeni ndani ya mfuko, la kuwaonyesha wauzaji. Mwajuma alilichukua. Akachukua na vipande vingine vitatu kutoka kwenye rafu. Akavipanga vyote vinne kwenye bati lililokuwa juani nje ya kibanda.

"Sasa kaa," alisema.

"Mama, gari langu—"

"Kaa. Jua lifanye kazi yake."

Boke alikaa ukingoni mwa kigoda, kama mtu anayeogopa kukichafua. Mguu wake mmoja ulikuwa ukitikisika. Baada ya muda mfupi mafuta ya ng'ombe yalilainika, yakatandaa, yakawa maji. Kipande cha pili, cheupe na laini, nacho kilianza kuteleza.

"Hii ni nta ya soya," Mwajuma alisema. "Wanaileta kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Ni nzuri, haina harufu, inawaka taratibu. Lakini ni laini. Kazi yake ni mshumaa wa kukaa ndani ya kopo au glasi. Ukiushika mkononi juani, utakuaibisha."

Kipande cha tatu kilikuwa cheupe na chenye kung'aa. Kilikuwa kimelegea pembeni tu.

"Hii ni parafini. Inatoka kwenye mafuta ghafi ya petroli. Ndiyo mishumaa mingi ya dukani. Inapatikana kirahisi, inatoka vizuri kwenye bomba. Lakini jua kali linaipinda, na utambi ukizidi unene, inatoa moshi mweusi."

Kipande cha nne kilikuwa cha rangi ya njano iliyokolea. Kilikuwa vilevile kama kilivyowekwa. Mwajuma alikigonga kwa ukucha, kikatoa mlio.

"Na hii ni nta ya nyuki. Ni ngumu, inastahimili joto, inawaka muda mrefu. Makanisa yameitumia tangu zamani. Ubaya wake ni kwamba ni adimu, inagandamana na bomba, na inataka utambi mnene kidogo."

Boke alikichukua kile kipande cha njano akakinusa. Akanusa tena. Mguu wake uliacha kutikisika.

"Mama, harufu hii naijua. Mume wangu ana mizinga."

"Anarina asali?"

"Kila msimu."

"Na masega mkishayakamua mnayapeleka wapi?"

"Tunawatupia kuku. Mengine tunayachoma, yanaleta sisimizi."

Mwajuma alijipiga paja. "Mnachoma! Mwanangu, umepanda gari kuja kutafuta kitu unachokichoma nyuma ya nyumba yako?"

Boke aliinama. Alitaka kucheka na alitaka kulia.

"Nisikilize," Mwajuma alisema kwa sauti ya upole zaidi. "Hakuna nta mbaya hapa. Kila moja ina kazi yake. Mishumaa yako ni ya mkononi, ya nje, ya juani. Chukua nta ya nyuki, changanya na parafini, nusu kwa nusu. Nta ya nyuki itaipa ugumu, parafini itasaidia itoke kwenye bomba na itaongeza wingi. Utambi uwe wa pamba, usiwe wa nailoni. Pasua bomba kwa urefu, lifunge kwa mpira, upake mafuta kidogo ndani, ili ufungue bila kuvunja mshumaa."

"Ndiyo, mama."

"Usiweke nta moja kwa moja kwenye moto. Weka sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa yenye maji. Maji ndiyo yachemke. Usiondoke hapo. Na ikitokea ikashika moto, usimwage maji kabisa. Moto utaruka. Funika kwa mfuniko, ondoa kuni, uache. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na mwisho: tengeneza mmoja kwanza. Mmoja tu. Uujaribu pale pale utakapotumika. Ukikubali ndipo utengeneze mingine."

Mwajuma alimweleza pia namna ya kutoa nta kwenye masega, na Boke akanunua parafini na uzi wa pamba. Akaondoka karibu akikimbia.

Nyumbani alimkuta Machage anafunga ng'ombe. "Baba Steven, masega yako yako wapi?"

"Takataka zile? Kuna gunia stoo. Nilitaka kuzichoma kesho."

"Usichome kitu!"

Walilifungua gunia. Wadudu aina ya nondo walikuwa wameshakula sehemu, lakini mengi yalikuwa mazima. Hata hivyo hayakutosha. Machage alikwenda Kemambo kwa rafiki yake Werema, ambaye naye anafuga nyuki. Werema alimshangaa.

"Mura, ndugu yangu, umetoka Nyamwaga kuja kuomba uchafu?"

"Mke wangu anautaka."

"Basi chukua wote. Na ukija kuuona una faida, urudi unieleze."

Walifanya kama Mwajuma alivyoeleza. Waliyatia masega ndani ya gunia safi, wakalichemsha kwenye maji, wakaligandamiza kwa mti. Nta ilitoka ikaelea juu. Wakaepua, wakaacha ipoe. Boke alizunguka ile sufuria kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alitaka kuigusa. Machage akaishika mikono yake. "Iache igande." Ilipoganda, waliinua sahani nzima ya nta ya njano. Uchafu ulikuwa umeshikilia chini yake. Boke aliukwangua kwa kisu.

Kesho yake mchana alianza kuyeyusha. Alipanga sufuria ndogo ndani ya kubwa, kama alivyoambiwa. Lakini maji yalichelewa kuchemka. Nta ilikuwa inayeyuka polepole, pembeni tu, na Jumapili ilikuwa inakuja. Boke alivumilia, akavumilia, kisha akashindwa. Aliitoa sufuria ndogo, akaitua juu ya mafiga. Moto ulikuwa mkali.

Nta iliyeyuka haraka sana. Boke alifurahi. Akageuka kuchukua uzi. Alipogeuka tena, moshi mweupe ulikuwa unapanda, na mara moto ukawaka ndani ya sufuria, ukafika usawa wa kifua.

Machage alitoka mbio na ndoo ya maji.

"Usimwage!" Boke alipiga kelele. "Baba Steven, weka chini! Weka chini!"

Machage alisimama. Boke alichukua mfuniko, akautelezesha juu ya sufuria kutoka upande, uso ameugeuza. Moto ukakatika. Akavuta kuni kwa mti. Vinyweleo vya mkono wake vilikuwa vimeungua.

"Ungekuwa umefunga kitenge kirefu…" Machage alisema, akaishia hapo.

"Aliniambia," Boke alisema. "Kila kitu aliniambia. Mimi ndiye mwenye haraka."

Safari hii alileta kigoda mwenyewe. Akaketi mbele ya mafiga. Sufuria ndogo ilikuwa ndani ya kubwa, na maji yakachemka kwa wakati wake.

Alitengeneza mshumaa mmoja. Mmoja tu, kama alivyoambiwa. Ulipopoa alifungua mpira, bomba likafunguka, mshumaa ukatoka umenyooka. Lakini walipouwasha nje, moto ulichimba shimo katikati ukazama ndani ya nta. Utambi ulikuwa mwembamba. Boke alisokota nyuzi tatu pamoja, akatengeneza mwingine.

"Huu ujaribiwe kwenye maandamano," alisema.

"Maandamano gani? Tuko wawili."

"Shika, utembee."

Kwa hiyo saa saba mchana, jua likiwa utosini, Machage, mtu mzima mwenye ng'ombe zake, alionekana anazunguka shamba la migomba na mshumaa unaowaka mkononi, mke wake anamfuata nyuma anautazama. Jirani mmoja aliyekuwa anapita na mzigo wa kuni alisimama.

"Machage, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Tunapima nta."

Jirani alitikisa kichwa akaendelea na safari yake. Upepo ulivuma, moto ukalala, ukainuka tena. Walizunguka mpaka Machage akalalamikia miguu. Mshumaa haukupinda. Haukutoa moshi mweusi. Tone moja tu lilimdondokea kidoleni, na Boke akakata vipande vya boksi, akavitoboa katikati, ili kila mshumaa uwe na kisahani cha kukinga matone.

Ndipo walipotengeneza mingine yote. Jumapili Boke alimwendea Teresia akiwa na mshumaa mmoja mkononi, bila kitenge, juani. Teresia aliuchukua, akajaribu kuukunja. Akaunusa.

"Nitaona siku yenyewe," alisema tu.

Siku ya sikukuu watu walijaa nje ya kanisa. Jua lilikuwa limeshapanda. Boke alisimama nyuma kabisa. Aliona Teresia amebeba mkoba mkubwa, na ndani ya mkoba kuna pakiti za mishumaa ya dukani. Mwenyekiti hakuwa amemwamini. Boke hakukasirika. Hata yeye mwenyewe alikuwa hajiamini.

Padre alisali, akabariki. Moto ulipita kutoka mshumaa hadi mshumaa, kwa wazee, kwa akina mama, kwa watoto. Maandamano yakaanza. Upepo wa kutoka mlimani ulipiga, mioto ikalala yote kwa pamoja, na Boke akafumba macho. Alipoyafumbua ilikuwa imeinuka. Mishumaa ilikuwa imenyooka. Kulikuwa na harufu ya asali mpaka ndani ya kanisa, mpaka kwenye benchi la mwisho alipokuwa amesimama.

Baada ya misa Teresia alimfuata. Pakiti zilikuwa bado zimefungwa ndani ya mkoba.

"Mama Steven, nilibeba hizi," alisema. "Ni vizuri ujue."

"Niliziona, mwenyekiti."

"Nisamehe. Sasa nikuulize. Mwakani utatufundisha?"

"Nitawafundisha. Ila kila mtu aje na masega yake. Na mtu asije na haraka. Mimi nimeshaijaribu."

Teresia alicheka, na safari hii Boke naye akacheka.

Siku hizi Werema haiti tena masega uchafu. Huyafunga vizuri na kuyaleta Nyamwaga, na Boke hutengeneza mishumaa ya kanisa, na mingine ya makopo ambayo Mwajuma humuuzia mjini. Mafuta ya ng'ombe ameyarudisha jikoni, kwenye kazi yake.

Lakini jioni ile ya sikukuu, alikuwa na mshumaa mmoja uliobaki. Aliuweka chini kwenye mkeka uani, pale pale pa zamani, akasubiri. Askari alikuja akitikisa mkia. Aliunusa upande mmoja, akaunusa upande wa pili. Akamtazama Boke kama aliyedanganywa, akaenda zake kulala.

Boke alivuta kigoda. Alikaa, akanywa chai yake mpaka ikaisha.